Mtu Akisimama Nyuma Yako

Doha, 2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye joto ambalo hata wewe mpenda jua ungelikimbia. Mimi ni mzima. Wewe je? Kikohozi kimepungua, ama bado unajidai tangawizi ni dawa ya kila kitu?

Kimutai ameniambia amemaliza kuweka alamu. Amesema ulimpa chai mara tatu na ukamwuliza maswali mpaka akachelewa kazi nyingine. Sasa nisikilize mimi, kwa sababu hii ndiyo kazi iliyonileta huku. Kutwa nzima nakaa mbele ya mitambo kama hiyo nikilinda mali ya watu ambao hawajui hata jina langu. Angalau na nyumba ya baba yangu ilindwe.

Kabla ya kutoka, hata kama unafika langoni tu, bonyeza namba yako ya siri kwenye kile kibao cha mlangoni, kisha kitufe chekundu, halafu funga mlango. Ukirudi kitaanza kulia tii tii tii. Bonyeza namba tena, kitanyamaza. Namba uliichagua mwenyewe, mimi siijui, na usiniambie.

Halafu kuna namba ya pili, na hii ndiyo muhimu zaidi. Ni ile ile yako, ila tarakimu ya mwisho unaongeza moja. Hiyo ni ya siku mtu amesimama nyuma yako wakati unafungua. Ukiibonyeza alamu itazima kama kawaida, haitapiga kelele, na yeye hatajua kitu. Mengine yatafanyika yenyewe.

Najua unaona nimezidisha. Lakini waliovunja nyumba yetu walivunja siku tuko Olenguruone tunamzika Mama. Nani alijua hakuna mtu nyumbani? Si mtu wa mbali. Kwa hivyo usicheke na yeyote.

Na Baba, hii ni WhatsApp. Si lazima uandike mahali na tarehe kama barua ya posta. Ona, hata mimi umeniambukiza.

Binti yako,
Wariara


Lanet, 9 Machi 2025

Mama yangu Wariara,

Nakuita hivyo kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na yeye pia alikuwa hivyo hivyo, anaanza kwa salamu halafu anakuamrisha. Nimepata ujumbe wako nikiwa salama. Kikohozi kimeniacha. Mvua bado, vumbi ndilo letu.

Tarehe nitaendelea kuandika. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye kiwanda cha unga, gunia lisilo na tarehe halikutoka nje ya lango.

Alamu yako tumeanza kuzoeana. Nikienda kuchuma mboga ya sukuma hapo nyuma naifunga. Nikienda kwa lango kuangalia nani amepita naifunga. Majuzi niliacha dirisha wazi, upepo ukacheza na pazia, yale macho yaliyobandikwa ukutani yakadhani pazia ni mwizi. Ikalia hiyo kitu mtaa mzima ukasimama. Wasike alikuja mbio na panga, amevaa malapa ya bafuni, kila mguu na rangi yake. Aliona ni pazia. Alienda kulifunga vizuri kisha akaniuliza kama kuna chai.

Wasike ndiye mtu pekee anayeingia humu siku hizi. Tulipanga nyumba za kuangaliana kule Free Area nikiwa kijana naye dereva wa jeshi, tukanunua viwanja huku Lanet pamoja, na ndiye aliyempeleka mama yako hospitali kila Jumanne. Mke wake, Mama Zeddy, hajakanyaga kwangu tangu wizi ule. Unakumbuka ndiye tulimwachia ufunguo wa lango alishe kuku tukienda mazishi. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini maneno ya mtaa hayahitaji kuambiwa.

Jumuiya ya kanisa nayo inasali nyumba kwa nyumba, ikifika zamu yangu wananiruka. Si kwa ubaya. Mimi ndiye niliyeomba nirukwe, kwa sababu mambo ya wageni yalikuwa ya mama yako.

Kula vizuri.

Baba yako


Lanet, 16 Mei 2025

Mama yangu Wariara,

Natumai u mzima na kazi haikulemei. Mimi nina afya, na leo nina habari.

Kesho Jumamosi jumuiya inasali kwangu. Nimekubali. Wasike amenisumbua tangu Pasaka, akasema mke wangu hakuwaachia watu wa jumuiya nyumba yenye mlango wa kufungwa. Nimefagia, nimetoa vile vikombe vyake vya maua, nimenunua sukari na majani. Chapati anapika Mama Zeddy. Ndiyo, umesoma vizuri. Amesema atakuja. Atakusanya watu kwake kwanza, kisha nitaenda kuwapokea hapo kona tuje wote tukiimba, kama mama yako alivyokuwa akifanya.

Sitakudanganya, nina wasiwasi kama mtu anayeoa. Nimeona nikuambie ili utuombee, na pia ujue baba yako ana wageni.

Baba yako


Lanet, 25 Mei 2025

Mama yangu Wariara,

Salamu. Afya iko. Sikukuandikia wiki yote kwa sababu kila nikishika simu naona aibu hata ya hii simu.

Jumamosi ile nilitoka kuwapokea, na kama ulivyonifundisha nikafunga alamu. Tulipokuwa kona mvua ikaanza. Tukakimbia, wengine wamebeba viti vya plastiki kichwani, Mama Zeddy amekumbatia hotipoti ya chapati kama mtoto. Nikafungua mlango, kibao kikaanza tii tii tii, na watu wote wakajisukuma nyuma yangu kukwepa mvua. Wasike alikuwa wa kwanza. Aliniwekea mkono begani.

Hapo nikakumbuka maneno yako. Mtu akisimama nyuma yako wakati unafungua. Nami nilikuwa na jumuiya nzima nyuma yangu. Mimi nilielewa kwamba namba ya pili ni ya kufungulia mbele ya watu, ili wasione ile ya kweli. Nikaibonyeza. Kibao kikanyamaza. Kusema kweli nilijisifu moyoni, nikasema Wariara angeniona angejua mzee bado ana akili.

Tulisali. Tulifika mahali pa kuwaombea marehemu, Mama Zeddy mwenyewe ndiye alikuwa anataja jina la mama yako, mlango ukapigwa teke. Wakaingia askari wa kampuni ya alamu, wana kofia za chuma na rungu, na mbwa. "Kila mtu chini. Lala chini. Mikono tuone." Watu wakalala kwenye sakafu, Wariara. Mama Zeddy na rozari mkononi. Unajua goti la Wasike. Alichelewa kushuka, wakamshusha.

Bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Mkubwa wao alinishika mkono kwa heshima, akanisogeza kando, akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, usiogope. Ni yupi alikuwa amekushika?"

Nami nilinyamaza.

Sikuwa nafikiria chochote. Ndio kwanza nilikuwa naelewa nilichofanya, na ulimi ukakataa. Lakini aliyelala sakafuni angejuaje? Aliona mzee amesimama, ameulizwa ni nani mwizi kati yao, na hajibu. Askari alingoja. Kisha akamwangalia Wasike, kwa sababu ndiye alikuwa karibu, akamkanyaga mkono. Mama Zeddy akainua uso akaniangalia. Aliangalia tu mpaka nikapata sauti.

Niliwaeleza askari, wakaomba radhi, wakaenda. Niliwaeleza wageni pia, lakini maelezo yangu yalikuwa hivi: kuna namba ya kutumia ukiwa na mtu usiyemwamini, na mimi niliitumia. Ukilisema kwa sauti ndipo unalisikia. Waliondoka mmoja mmoja. Chapati zilibaki. Nimeshindwa kuzila na nimeshindwa kuzitupa.

Baba yako


Doha, 26 Mei 2025

Baba mpendwa,

Pole sana. Pole mno. Natumai umelala na umekula.

Lakini tuelewane. Ile namba ni ya mtu aliyekulazimisha kufungua, mwenye kisu au bunduki. Si ya wageni. Alamu ilifanya kazi yake vizuri, na kampuni ilifika haraka, hilo tushukuru. Nitawaandikia kuhusu huyo aliyemkanyaga Mzee Wasike, hakufunzwa hivyo.

Waeleze watu polepole, wataelewa. Ni mtambo tu. Kila mtu hukosea na mtambo.

Niko zamu, nitakuandikia vizuri baadaye.

Binti yako,
Wariara


Lanet, 8 Juni 2025

Mama yangu Wariara,

Hujambo? Mimi sijambo, kwa maana ya kwamba napumua.

Umesema niwaeleze polepole. Nimeenda kwa Wasike mara mbili. Mara ya kwanza Mama Zeddy alinikaribisha nje, akaniletea kiti, akarudi ndani. Mara ya pili Wasike mwenyewe alitoka. Ana bandeji mkononi. Alinisalimia vizuri kabisa, akaniuliza habari ya mvua na habari yako, kama unavyomsalimia mtu wa kutoka ofisi ya kaunti. Bora angenitukana.

Jumapili hizi nasali kanisa la mbali nisikojulikana. Maziwa nanunua upande ule wa barabara kuu. Jioni nafunga alamu, nakaa ndani yake, na kusema kweli nyumba iko salama. Hakuna mtu anakuja.

Nataka Kimutai aje aing'oe hii kitu.

Na kuna jambo nimewaza. Yule mkubwa wa askari alipokuwa akiomba radhi alisema, "Mzee, tulipiga simu kwanza kuuliza kama kuna wageni, tukaambiwa hakuna." Mimi sikupigiwa. Walimpigia nani?

Baba yako


Doha, 10 Juni 2025

Baba,

Hujambo. Leo sina salamu ndefu.

Walinipigia mimi. Nilipojaza mambo ya ile kampuni niliweka namba yangu iwe ya kwanza. Nilikuwa kazini, mtu akaniambia, "Madam, kwa mzee wako imebonyezwa namba ya hatari. Kuna wageni mnatarajia?" Ujumbe wako ulikuwa umeingia tangu jana yake. Niliuona. Niliona ni mrefu, nikasema nitausoma nikipumzika.

Nikamwambia, "Baba yangu hana wageni. Hakuna mtu huenda kwake. Ingieni kwa nguvu."

Nilisema hivyo bila kusita, tena mbele ya wenzangu, nikajiona mtu wa maana anayetoa amri Doha na watu wanakimbia Lanet. Sasa sentensi ya tatu inaniuma, lakini zile mbili za kwanza zinaniuma zaidi. Hata sikujiuliza ni kwa nini niliijibu haraka hivyo.

Na si hilo tu. Nilipokufundisha habari ya mtu aliyesimama nyuma yako, mtu niliyemwona akilini alikuwa na uso. Alikuwa Mama Zeddy. Nilimfikiria kwa sababu ya ufunguo wa lango, tangu siku ile, na kila aliponitumia salamu nilimjibu kwa mkato. Wewe hukukosea hata kidogo, Baba. Mimi ndiye niliyewaweka wale watu kwenye orodha ya wezi, wewe ulibonyeza tu.

Nakuomba msamaha. Waambie ilikuwa mimi.

Wariara


Doha, 29 Juni 2025

Baba mpendwa,

Salamu tena, ingawa zile za kwanza hukuzijibu. Naona umesoma. Simu yangu inanionyesha kila ukifunga na kufungua alamu, kwa hivyo najua unaamka, unaenda kuchuma sukuma, unarudi. Ni aibu kujua baba yako yu hai kupitia kibao cha mlangoni, lakini nashukuru nina hicho.

Nimewaza njia moja. Usimwite Kimutai. Mpe Mzee Wasike namba yake mwenyewe. Mtu mwenye namba ya nyumba ni mtu wa nyumba, hata huku ndivyo tunavyofanya. Bonyeza nyota, halafu ile namba kuu aliyokuachia Kimutai, halafu tatu, ambayo ndiyo nafasi iliyo wazi, halafu namba mpya. Kikilia mara mbili imekubali. Kikilia kwa muda mrefu imekataa, rudia pole pole.

Ukiwa bado umenikasirikia, una haki. Niandikie hata neno moja, na uweke tarehe.

Binti yako,
Wariara


Lanet, 20 Julai 2025

Mama yangu Wariara,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na wewe naomba uwe mzima. Sikunyamaza kwa sababu ya hasira peke yake. Hasira ilikuwepo, lakini nilipoitafuta vizuri nilikuta chini yake ni aibu. Ulimwambia askari ukweli. Baba yako hakuwa na wageni, na aliyekufundisha kujibu hivyo ni mimi niliyeomba nirukwe.

Nilifuata maelekezo yako. Nilirudia mara nyingi, kikanikatalia kwa mlio mrefu mpaka nikakitukana kwa Kikuyu, ndipo kikakubali. Nikaandika namba kwenye karatasi, nikaikunja, nikampelekea Wasike leo baada ya misa. Ndiyo, leo nimesali kanisa letu. Nilikaa nyuma.

Aliifungua akaisoma, akanirudishia.

"Hii ya nini?"

Nikamwambia, "Ni ya kwako. Ukitaka kuja wakati wowote, unafungua tu."

"Mimi sikuomba namba, Kahiga. Mimi nikija kwako nabisha, na wewe unafungua. Ni hivyo tangu Free Area." Akachukua kofia yake. "Kama unataka kuniomba msamaha, twende kwako saa hii."

Tulitembea hadi kwangu. Nilifungua mlango, kibao kikaanza tii tii tii. Wasike alikuja akasimama nyuma yangu, karibu sana, nikasikia pumzi yake shingoni. Akaniwekea mkono begani, ule uliokanyagwa.

"Bonyeza," akasema. "Nikiwa hapa hapa nikiona."

Nilibonyeza namba yangu ya kweli, moja tisa nane nne, na kila nilipobonyeza aliisoma kwa sauti. Kibao kikanyamaza.

"Themanini na nne," akasema. "Si ndio mwaka wa harusi yenu? Mimi ndiye niliendesha ile Peugeot. Ikakwama kwa matope huko Keringet, tukaisukuma na suti, bibi harusi wako akitucheka dirishani."

"Ndio."

"Na hii ndio ulikuwa unanificha."

Aliingia akakaa kwenye kiti kile kinachoangalia lango, akawa analitazama. Nilielewa anachongoja, nami nikakaa tukangoja wote wawili. Askari hawakuja. Alipohakikisha hawaji alivua kofia akaniuliza kama kuna chai.

Tulikunywa. Hatukucheka sana. Alisema jumuiya itakuja tena, lakini si mwezi huu, watu bado wana maneno, na yeye mwenyewe bado ana maneno. Nilimwambia ana haki ya kuwa nayo.

Sasa mambo mawili. La kwanza, najua kazi yako itakuambia namba ikionekana ibadilishwe. Naomba hii isibadilishwe.

La pili ni hili. Uliniambia niwaambie ilikuwa wewe. Sikuwaambia. Yangu nimeyabeba mpaka kwa mwenyewe, nikayatua mbele yake. Mama Zeddy bado hajakanyaga kwangu, na mwenye maneno naye si mimi. Hayo ni yako.

Baba yako


Doha, 21 Julai 2025

Baba mpendwa,

Nashukuru u mzima. Mimi ni mzima.

Mwaka wa harusi ndiyo namba ya kwanza ambayo mwizi yeyote hujaribu. Ningekuwa nimelinda nyumba ya mtu mwingine ningekugombeza. Sijaibadilisha.

Leo nimempigia Mama Zeddy. Nilimweleza yote: simu niliyopigiwa, jibu nililotoa, na ufunguo wa lango, na uso niliouona akilini. Hakunikatiza. Kisha akasema, "Siku ile nilihesabu kuku wenu mara mbili kabla ya kufunga lango, wasije wakasema hata mmoja amepotea." Akakata simu.

Nimepewa likizo Desemba. Nikishuka hapo Lanet usije kunipokea kituoni, na usifungue mlango ukiniona napita. Nitaanzia kwake. Nitabisha, na asipofungua nitangoja nje.

Binti yako,
Wariara